Mzazi Akija Ugenini Kwako, Je, Ni Mgeni?



Mtu aliyehama kwao akiwa kijana hupata siku moja habari ambayo humfurahisha na kumtia hofu kwa pamoja: mama anakuja. Tiketi imepatikana, viza imetoka, siku imetajwa. Furaha yake haihitaji maelezo. Lakini hofu yatoka wapi? Vijana wengi waishio ng'ambo wameniuliza jambo hili, na hasa wale walioingia katika Uislamu wakiwa huko huko, ambao wazee wao wangali katika dini waliyozaliwa nayo. Huuliza hivi: nimpokeeje mzazi wangu? Nimwonyeshe nini, na nimfiche nini?

Kabla ya kujibu yatupasa kuuliza swali lililo nyuma ya hilo. Je, mzazi anayekuja nyumbani kwa mwanawe ni mgeni?

Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alieleza haki ya mgeni kwa mipaka iliyo wazi. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba ukarimu kwa mgeni ni siku tatu, na yanayozidi hapo ni sadaka. Tena mgeni naye amekatazwa asikae mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Tazama jinsi sheria hii ilivyo na hekima. Humlinda mgeni asilale nje, na humlinda mwenyeji asiliwe mpaka akachukia kumwona mwenzake. Mjomba, binamu, rafiki wa rafiki aliyepewa anwani yako akiwa bado uwanja wa ndege, wote hao wamo katika kanuni hii. Wao wana haki juu yako na wewe una haki juu yao, wala si dhambi kumwambia binamu yako kwa adabu kwamba wiki ijayo chumba kitakuwa na mtu mwingine.

Lakini kijana aishiye Uingereza akimwalika mama yake, viza ya kawaida ya matembezi humruhusu mama huyo kukaa hata miezi 6. Je, baada ya siku ya tatu mama amekuwa mtu wa sadaka? Akili yakataa, na dini pia yakataa. Kurani Tukufu imeamrisha wema kwa wazazi mara tu baada ya kuamrisha ibada ya Mwenyezi Mungu peke yake (17:24), na wema huo haukuwekewa siku. Na katika hadithi iliyomo katika Ibn Majah, mtu aliyelalamika juu ya baba yake na mali aliambiwa na Mtume s.a.w. kwamba yeye mwenyewe pamoja na mali yake ni vya baba yake. Basi mwenye mali hawezi kuwa mgeni wa mali yake. Mzazi si mgeni. Hili ni rahisi kulisema. Lakini ukilikubali, mengi tunayoyafanya kwa jina la kuwakirimu wazazi wetu yatabomoka. Mimi najua, kwa kuwa yangu yalibomoka.

Katika miaka ya 1990 nilikuwa kijana London. Jioni nilisoma, na mchana niliosha sufuria katika jiko la hoteli. Katika barua zangu niliandika kwamba nafanya kazi katika hoteli kubwa. Hoteli ilikuwa kubwa kweli, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu aweza kusema uwongo bila ya kutamka neno moja lisilo kweli. Nilikaa katika chumba kimoja ghorofani, chenye kitanda kimoja, jiko dogo la gesi, na mita ya umeme iliyokula sarafu. Miaka mitatu kabla ya hapo Mwenyezi Mungu aliniongoza kuingia katika Jumuiya ya Ahmadiyya. Jambo hilo nalo barua zangu hazikulitaja. Mama yangu alikuwa Mkristo, mtu wa kanisa tangu utoto wake, naye aliishi Morogoro.

Ndugu zangu wakachanga nauli, mama akaja. Rafiki yangu mmoja alikuwa anasafiri kwa wiki mbili. Nikamwomba nyumba yake. Ilikuwa na zulia, viti vya kukalia na jiko la haja. Nikamtoa mama uwanja wa ndege, nikampeleka huko kana kwamba nampeleka kwangu. Shikamoo na marahaba zilikuwa nyingi, chai ikanywewa, na kwa usiku wa kwanza nikajiona mwana aliyefaulu.

Siku ya pili mama akaingia jikoni apike. Akauliza, "Mwanangu, chumvi iko wapi?" Nikafungua kabati la kwanza, nikakuta majani ya chai. La pili, tambi. La tatu, sabuni. Mama akaniangalia nikifungua na kufunga, asiseme kitu, kisha akauliza kwa upole ule ule, "Baba, mwenye nyumba hii atarudi lini?"

Jioni ile tukahamia chumbani kwangu. Mama akalala kitandani, nami nikalala chini.

Waarabu wanalo neno kwa jambo nililolifanya, nalo ni takalufu: mtu kujibebesha kisichokuwa chake ili aonekane. Kurani Tukufu yamwamuru Mtume s.a.w. atangaze kwamba yeye si miongoni mwa watu wa namna hiyo (38:87). Kuhusu wageni hasa, imepokewa kwamba watu wawili walimtembelea Sahaba Salman r.a., yule Mwajemi aliyekuwa mwenyewe msafiri wa mbali kuliko wengi. Akawawekea mkate na chumvi, akawaambia kwamba lau Mtume s.a.w. asingalikataza kujikalifisha kwa ajili ya mgeni, angalijikalifisha kwa ajili yao. Mmoja akasema ingekuwa vizuri chumvi hiyo ipate majani ya kunukia. Salman akatoa chombo chake cha kutawadhia, kikawekwa rehani, majani yakaletwa. Walipokwisha kula, yule mgeni akamshukuru Mungu aliyewafanya waridhike na riziki waliyopewa. Salman akamjibu kwamba kama angaliridhika, chombo chake kisingalikuwa rehani!

Huenda mtu akasema: mbona Nabii Ibrahimu a.s. aliwaletea wageni wake ndama aliyenona? Naam, Kurani imelitaja jambo hilo kwa sifa (51:27). Lakini ndama huyo alitoka nyumbani kwake mwenyewe. Hakumwazima kwa jirani, wala hakuwafanya wageni waamini kwamba ana zizi ambalo hana. Aliye na ndama na alete ndama; aliye na mkate na chumvi, na alete hivyo, bila ya kuinamisha uso.

Hata hivyo, ndugu msomaji, si jambo la nyumba lililonifanya niandike. Kujifanya tajiri mbele ya mama ni upuuzi wa ujana, na akina mama huusamehe upesi. Wengine huucheka hadi uzeeni. Lililo zito ni lile la pili.

Katika chumba kimoja hakuna pa kuficha sala. Nikawa nasali kwenye ukumbi mwembamba penye ngazi, mlango ukiwa umefungwa. London wakati wa kiangazi jua huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri, na huzama baada ya saa 3 usiku. Mama, aliyezoea jua la kwetu lisilochelewa wala kuwahi, alishangaa kuona watu wanakwenda kulala na mwanga ungali dirishani. Mimi mwangaza ule ulinitesa kwa sababu nyingine: sala ya Alfajiri iliniamsha mnamo saa 9 ya usiku. Nikanyata, nikafungua bomba taratibu, nikatawadha, nikasali ngazini, nikarudi kulala. Nilijiambia kwamba nafanya hivyo kwa huruma. Amesafiri mbali, mzee wa watu, kwa nini nimvunje moyo? Acha afurahi wiki hizi chache, arudi salama.

Hapa pana swali la kweli la maadili, nami sitaki tulipite haraka. Je, kumficha mtu jambo litakalomwumiza ni wema au ni uwongo?

Kwanza tukubali kwamba si kila kunyamaza ni uwongo. Hakuna anayewajibika kumpokea mama yake uwanja wa ndege kwa hoja za dini. Tena Kurani yenyewe imemtaja kwa heshima mtu mmoja wa watu wa Firauni aliyeificha imani yake (40:29). Mtu huyo alikuwa mahali ambapo neno moja lingeweza kumtoa roho. Anayehofia maisha yake ana hukumu yake. Lakini mama yangu hakuwa Firauni. Nilichokihofia mimi ni uso wake ukibadilika. Na nilipojichunguza kwa haki, niliona kwamba sikuwa namkinga yeye asiuone uso wangu wa kweli. Nilikuwa najikinga mimi nisiuone uso wake. Huruma iliyokuwa ikinifaa mimi zaidi kuliko yeye ilikuwa ni woga uliovaa kanzu.

Sasa soma pamoja nami katika sura ya Luqman (31:16). Mwenyezi Mungu asema kwamba wazazi wakikushurutisha umshirikishe, usiwatii. Lakini kaa nao duniani kwa wema. Kwa kawaida tunaisoma aya hii kuwa na amri mbili, ya kukataa na ya kukaa nao. Lakini itazame tena. Mzazi atakushurutishaje uiache imani ambayo hajui kuwa unayo? Aya imeanza mahali ambapo mzazi amekwisha jua. Haikumwazia kabisa Mwislamu aliyejificha nyuma ya mlango wa ngazini. Na neno lililotumiwa kwa huko kukaa nao lina shina moja na neno sahaba, yaani mtu aliye pamoja nawe, akujuaye. Uliyemficha jambo lililo kubwa kuliko yote maishani mwako hawezi kuwa sahaba wako. Unampa chakula na kitanda, lakini mlango umemfungia.

Wako pia wanaokosea kwa upande mwingine. Hao hawaifichi imani yao, bali huifanya boma. Mama hakaribishwi mpaka kwanza asikie hotuba. Chakula chake chatiliwa shaka. Zawadi alizobeba kutoka nyumbani hubaki mfukoni. Kwao nakumbusha habari za Bibi Asma r.a., binti Abubakari.

Bibi Asma alikuwa kijana aliyehamia mji wa ugenini. Alifika Madina akiwa na mimba, akajifungua Kuba, na mwanawe Abdullah bin Zubair akawa mtoto wa kwanza kuzaliwa Madina kwa Muhajirina. Katika Bukhari amesimulia mwenyewe maisha yao ya mwanzo: mumewe hakuwa na kitu isipokuwa farasi na ngamia, yeye Asma alimlisha farasi, akateka maji, akakanda unga, kuoka mkate hakujua vizuri, basi wanawake wa Kiansari walio jirani wakamwokea, na kokwa za tende alizibeba kichwani kutoka shamba lililo umbali wa theluthi mbili za farsakhi. Kila kijana aliyewahi kuunguza ugali wa kwanza ugenini atamwelewa bibi huyu.

Basi katika muda wa mapatano ya Makureshi na Mtume s.a.w., mama yake akaja kumtembelea kutoka Makka. Mama huyo alikuwa ameachwa na Abubakari r.a. tangu zamani, naye alikuwa mshirikina. Riwaya nyingine yasema alileta zawadi, miongoni mwake jibini kavu na samli, na kwamba Asma hakuzipokea wala hakumwingiza nyumbani kwanza, mpaka swali lake limfikie Mtume s.a.w. Fikiri hali ile: mama yu nje na samli yake, binti yu ndani na dini yake. Jibu likaja kwamba ndiyo, aunge udugu na mama yake. Azipokee zawadi zake, amwingize. Haikusemwa amwingize akisilimu. Haikusemwa kwa siku tatu. Na kwa jambo hili inatajwa ile aya isemayo kwamba Mwenyezi Mungu hawakatazi waumini kuwatendea wema na uadilifu wale wasiowapiga vita kwa ajili ya dini wala kuwafukuza makwao (60:9).

Angalia pia kwamba mama wa Asma alijua vizuri sana dini ya binti yake. Hakukuwa na la kuficha. Imani ilikuwa wazi na mlango ukawa wazi, vyote viwili.

Katika maisha ya Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., kimepokewa kisa ambacho huwa nawasimulia wenyeji wanaodhani kwamba ukarimu ni sahani. Wageni walifika Kadiani kutoka Manipur, pande za Assam, mbali kabisa mashariki ya Bara Hindi. Walipofika penye nyumba ya wageni waliwaambia watumishi wawashushie mizigo, nao wakajibiwa kwamba wajishushie wenyewe, vitanda vitaletwa. Wakaudhika, wakageuza gari lile lile la farasi. Seyidna Ahmad a.s. aliposikia, alitoka mbio hata viatu havikukaa vizuri miguuni, akawafuata kwa miguu mpaka karibu na mfereji, akawaomba radhi na kuwarudisha; na walipofika alinyosha mkono wake mwenyewe kushusha mizigo. Chakula kilikuwako siku zote. Kitanda kilikuwako. Kilichokosekana kwa dakika ile ni mtu wa kuwageukia, na hicho ndicho alichowafuata nacho njiani.

Asubuhi moja, ilikuwa yapata siku ya kumi, mama aliniambia tukinywa chai, "Kila usiku nasikia maji. Baba yako alikuwa akiamka usiku kwenda zamu. Wewe unaamka kwenda wapi?"

Nikamwambia. Sikumtolea hotuba, maneno yenyewe yalinitoka vibaya. Alinyamaza muda mrefu, na uso wake ukabadilika kama nilivyohofia. Akaniuliza maswali matatu tu. La kwanza, tangu lini. La pili, kama nimemtupa Yesu. Nikamjibu kwamba asiyemwamini Nabii Isa a.s. kuwa ni Mtume wa kweli wa Mungu hawi Mwislamu. La tatu lilinichoma kuliko yote: kwa nini watu baki wa London walijua habari za mwanawe, na yeye hakujua? Hilo halikuwa swali la dini hata kidogo. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Siku mbili hakusema sana. Kisha akataka kupaona ninaposali. Nikampeleka Southfields, kwenye Msikiti wa Fazl, uliofunguliwa mwaka 1926. Alipoona viatu mlangoni alisema, "Musa naye alivua," akavua vyake. Akina mama wa pale, waliozungumza Kiurdu na Kiingereza, hawakuwa na neno moja la Kiswahili, wala mama hakuwa na neno la kwao. Wakampa chai ya maziwa, wakamshika mkono; akatoka anaijua idadi ya watoto wa kila mmoja wao, sijui kwa njia gani.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huutumia msemo huu kwa kumfukuza mtu. Mimi nilikuja kuuelewa vingine katika chumba kile. Mgeni hapewi jembe. Anayepewa jembe ni mtu wa nyumbani. Mama alipokwisha jua chumvi iko wapi, na maji ya usiku ni ya nini, aligawa siku zetu upya: akapika, akafua, akanigombeza kwa kulala kidogo, akanunua sarafu za mita kwa fedha yake ndogo na kukataa kurudishiwa. Nilijaribu kumkataza nikidhani kwamba heshima ni kumketisha. Akaniuliza kama alikuja Ulaya kukaa kitini.

Wapo watakaoniuliza kama alisilimu. Hakusilimu. Alirudi Morogoro na dini yake, akafa nayo miaka mingi baadaye, na hukumu ya viumbe iko kwa Mola wao. Mimi naandika kile nilichokiona. Wiki zile za mwisho nilipoamka saa 9 ya usiku, nilikuta birika limefunikwa kwa taulo karibu na mlango, na maji yaliyomo yangali na moto. Mama alikuwa ameuelekea ukuta, pumzi zake zikienda kama za mtu aliyelala. Hakuwahi kulitaja birika lile, wala mimi sikulitaja. Nikamimina, nikatawadha, nikatandika msala wangu pale pale chumbani, kando ya kitanda chake.